Wakulima wa mboga pande mbili za mpaka: ulinganisho wa njia nne za kushirikiana katika kukinga mazao kiikolojia

Ukichuma jani la nyanya lililoshambuliwa na kantangaze na kuliinua lielekee jua, utaona baka jeupe lenye kingo zisizonyooka, na ndani ya baka hilo kiwavi mdogo wa kijani akila nyama ya jani huku utando wa juu na wa chini ukimkinga na karibu kila kinachonyunyizwa. Nondo huyu, ambaye kitaalamu huitwa Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Aligunduliwa Hispania mwishoni mwa mwaka 2006, akaenea pande zote mbili za Bahari ya Mediterania katika miaka michache, akaripotiwa Ethiopia mwaka 2012 na Tanzania mwaka 2014. Kila alipofika, jirani aliyempata mapema alikuwa amekwisha kujifunza jambo la maana juu yake, na mara nyingi jambo hilo lilivuka mpaka likiwa limechelewa, nondo mwenyewe akiwa amekwisha kutangulia.

Wakulima wa mboga wanaotaka kupunguza viuatilifu vya kemikali na kutegemea zaidi maadui wa asili, usafi wa shamba, mzunguko wa mazao na viuatilifu vya kibiolojia wana kila sababu ya kushirikiana na wenzao wa ng'ambo. Hali ya hewa ni ileile, visumbufu ni vilevile, na mara nyingi hata mbegu hutoka kwa wauzaji walewale. Kinachobadilika ukivuka mpaka ni sheria, lugha ya maofisa na orodha ya bidhaa zinazoruhusiwa. Hata hivyo, neno ushirikiano limebeba mambo mengi yasiyofanana, na kikundi kinachochagua aina isiyokifaa hupoteza misimu miwili au mitatu kabla ya kulitambua kosa. Ninalinganisha hapa aina nne: kufundishana mashambani, kuhesabu visumbufu kwa pamoja na kupeana tahadhari, kushirikiana katika maadui wa asili, na kutetea usajili wa pamoja wa viuatilifu vya kibiolojia.

Vikundi vingi huchagua kwa kuangalia ufadhili uliotangazwa mwaka huo, au ziara iliyowavutia viongozi wao. Naona huko ni kuanzia mwisho. Swali la kwanza ni nini hasa kinachovuka mpaka mnaotaka kuushughulikia: mdudu mwenyewe, miche na makreti, maji na dawa, au maarifa tu. Jibu la swali hilo huondoa mezani karibu nusu ya njia hizi kabla hata ya kuzungumzia gharama.

Mdudu anasafirije?

Utitiri mwekundu hana mabawa. Husogea kwa kutembea, kwa kupeperushwa na upepo akining'inia kwenye uzi wake, na kwa kubebwa na nguo za wafanyakazi, vifaa na miche. Habari kwamba utitiri umelipuka katika shamba lililo kilomita sitini ng'ambo ya mpaka haimsaidii mkulima kuamua chochote leo, kwa kuwa shamba lake litashambuliwa kwa sababu za hapohapo: joto, ukame, vumbi, na dawa zilizoua wadudu wanaomla. Kwa kisumbufu cha namna hii, cha thamani kuvusha mpaka ni ujuzi.

Nondo wa mgongo wa almasi, adui wa kabichi na jamaa zake wote, ni kinyume kabisa. Ni mdudu mwepesi anayesafiri na upepo mamia ya kilomita, na katika nyanda za Kanada, ambako baridi humuua karibu wote, mashambulizi ya kila mwaka hutokana kwa sehemu kubwa na nondo wanaopeperushwa kutoka kusini. Mwaka 2016 Uingereza ilipokea wimbi kubwa la nondo hao kutoka bara la Ulaya. Hapa tahadhari ya siku tano ina thamani kubwa, kwa sababu kiuatilifu cha bakteria aina ya Bt hufanya kazi vizuri kiwavi akiwa mchanga, na hushindwa akishakua na kuingia ndani ya kichwa cha kabichi.

Katikati yao wapo wanaoruka umbali wa wastani lakini husafiri mbali kwa msaada wa binadamu. Kantangaze na inzi weupe huvuka mipaka ndani ya miche, kwenye matunda yenye vikonyo na majani, na kwenye makreti yaliyorudishwa bila kuoshwa. Kwa hao, mtandao wa mitego husaidia, lakini makubaliano ya kukagua vitalu vya miche na kusafisha makreti husaidia zaidi, na ni ya bei nafuu kiasi cha kushangaza ukilinganisha na hasara inayoepukwa.

Shamba darasa na mtandao wa tahadhari

Kufundishana mashambani ndiko kuliko rahisi kuanzisha. Mfano unaofuatwa karibu duniani kote ni shamba darasa, lililoanzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, miaka mitatu baada ya serikali ya nchi hiyo kupiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika zao hilo kwa sababu zilikuwa zikiwaua maadui wa asili wa wadudu na kuzidisha mashambulizi. Wakulima hukutana kila wiki kwa msimu mzima, hutazama mimea ileile, huchora walichokiona, hubishana, kisha huamua. Mbinu hii ikihamishiwa kwenye mboga na kuvushwa mpaka hudai mambo matatu tu: lugha inayoeleweka pande zote, shamba la kufanyia kazi, na mtu mvumilivu wa kuongoza. Faida yake ni kwamba mkulima hurudi nyumbani akiwa na uwezo wa kuamua mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba ziara ya siku moja, ambayo ndiyo hufanyika mara nyingi badala ya msimu mzima, huonyesha shamba likiwa katika sura yake bora, na mgeni huondoka na picha nzuri bila kujua wiki sita mwenyeji alizohangaika kabla wadudu rafiki hawajaushika ulingo.

Kwa sababu hiyo, anayechagua njia hii apange angalau ziara tatu kwa msimu katika shamba lilelile: wakati wa kupandikiza, wakati visumbufu vinapoanza kupanda, na wakati wa mavuno. Ziara ya katikati ndiyo ya thamani kuliko zote, na ndiyo wenyeji wasiyopenda kuonyesha.

Mtandao wa tahadhari una tabia nyingine kabisa. Hauhitaji mikutano mingi, lakini hauvumilii uzembe hata kidogo. Mtego wa feromoni wa kantangaze ni kitu kidogo: pembetatu ya plastiki, karatasi ya gundi ndani yake, na kidonge cha mpira chenye harufu ya nondo jike. Asubuhi ya siku ya kuhesabu unaitoa karatasi, unahesabu madume walionasa, unaandika, unaweka karatasi mpya. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na ndiyo maana huachwa. Katika mtandao mmoja ambao niliushiriki kwa karibu, upande mmoja uliandika idadi ya nondo kwa kila mtego kwa wiki, na upande wa pili uliandika asilimia ya mimea yenye dalili. Pia upande mmoja ulibadilisha vidonge vya harufu kwa wakati, ilhali mwingine uliviacha hadi harufu ikaisha. Namba zilitumwa kwa uaminifu msimu wote, zikakaa kwenye jedwali moja, na hazikuweza kulinganishwa hata mara moja. Tulipoketi mwishoni kuzisoma tuligundua kwamba kushuka kwa idadi upande mmoja, ambako tulikuwa tumekufurahia, kulitokana na vidonge vilivyochoka.

Tangu hapo nashikilia kwamba makubaliano ya tahadhari yaandike mambo machache kwa ukali: aina ya mtego, urefu wake kutoka ardhini, siku ya kuhesabu, tarehe ya kubadilisha kidonge, na kiwango ambacho kikifikiwa ujumbe hutumwa siku hiyohiyo. Yakumbushe pia kwamba mtego wa feromoni hunasa madume pekee, hivyo unaeleza lini nondo wamefika kuliko unavyoeleza uharibifu utakuwa mkubwa kiasi gani. Ukaguzi wa majani hauwezi kuachwa.

Mtandao wa aina hii huwafaa zaidi wanaoshughulika na visumbufu vya masafa marefu na magonjwa yanayobebwa na upepo. Barani Ulaya, mtandao wa EuroBlight hufuatilia kimelea cha bakajani chelewa, ambacho hushambulia viazi na nyanya, kwa kukusanya sampuli kutoka nchi nyingi na kuonyesha aina zipi zinaenea wapi. Hakuna nchi moja ambayo ingeweza kuiona picha hiyo peke yake. Kwa kikundi kidogo cha wakulima, kinachowezekana ni toleo dogo la wazo hilo: mitego kumi upande huu, kumi upande ule, na mtu mmoja kila upande anayewajibika kwa jina.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizi mbili kwa kikundi kisicho na fedha wala ofisi, ningechagua shamba darasa iwapo kisumbufu kikuu ni cha hapohapo, na tahadhari iwapo kinaruka kutoka mbali. Kufanya zote mbili kwa mara ya kwanza katika msimu mmoja ni kuzidisha mzigo. Nimeona mara nyingi zaidi ikishindikana kuliko kufanikiwa.

Maadui wa asili: kununua, kuleta au kutunza

Historia ya udhibiti wa kibiolojia kwenye mboga ni historia ya viumbe waliovuka mipaka, wakati mwingine kwa bahati. Mwaka 1926 mkulima wa nyanya nchini Uingereza aliona vifukofuko vya inzi weupe vilivyogeuka vyeusi kwenye majani yake, akavipeleka kwa watafiti. Ndani yake walikuwamo nyigu wadogo wa vimelea, Encarsia formosa, ambao baada ya miaka michache walikuwa wakizalishwa kwa wingi na kutumwa hadi Kanada, Australia na New Zealand. Dawa za kemikali zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, nyigu hao waliachwa, wakarejeshwa pale inzi weupe walipokuwa sugu. Utitiri mlaji Phytoseiulus persimilis, ambaye leo ndiye tegemeo dhidi ya utitiri mwekundu katika vitalu nyumba vingi, aligunduliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye shehena ya maua ya okidi kutoka Chile. Kutoka hapo alisambazwa nchi baada ya nchi.

Leo kikundi cha wakulima kinaweza kushirikiana kuhusu viumbe hao kwa namna tatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ya kwanza ni kununua kwa pamoja viumbe waliozalishwa viwandani. Kwa vitalu nyumba hii ndiyo njia iliyothibitika zaidi. Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Almería, kusini mwa Hispania. Mwishoni mwa mwaka 2006 pilipili hoho kutoka huko zilikutwa Ujerumani zikiwa na mabaki ya kiuatilifu kisichoruhusiwa, wanunuzi wakashtuka, na katika misimu miwili iliyofuata sehemu kubwa ya wakulima wa hoho wa eneo hilo walihamia kwenye utitiri mlaji Amblyseius swirskii na kunguni walaji wa jamii ya Orius dhidi ya vithiripi (wadudu wadogo mno wanaofyonza majani na maua) na inzi weupe. Nini kiliwezesha mageuzi ya haraka hivyo? Msukumo ulitoka ng'ambo ya mpaka, kwa wanunuzi. Lakini viumbe walikuwapo tayari kwa wingi, na maofisa ugani wa vyama vya ushirika waliweza kupita kila shamba kila wiki. Palipokosekana mojawapo ya hayo mawili, msukumo wa wanunuzi huzaa hofu tu.

Viumbe hai hawasubiri. Utitiri walaji husafirishwa katika chupa au mirija, wakiwa wamechanganywa na pumba au chembechembe nyepesi, ndani ya sanduku lenye ubaridi, na wanapaswa kuachiliwa shambani ndani ya siku moja au mbili tangu wapokelewe. Niliwahi kusubiri sanduku kama hilo lililozuiwa kwenye kituo cha ukaguzi kwa siku nne kwa sababu kibali kilimtaja mdudu kwa jina lake la kitaalamu la zamani, Typhlodromips swirskii, na lebo ya sanduku ikamtaja kwa jina la sasa, Amblyseius swirskii. Ni mdudu yuleyule. Nilipolifungua hatimaye na kumwaga kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe, nilitazama kwa lenzi kwa muda mrefu kabla ya kuona hata mmoja anayetembea. Afisa hakukosea kufuata karatasi. Aliyekosea ni sisi tuliojaza fomu bila kuorodhesha majina yote mawili. Tangu hapo naona kwamba kikundi kinachotaka kununua pamoja kuvuka mpaka kiwe na mtu anayejua taratibu za karantini za pande zote mbili, na kifanye jaribio kwa sanduku moja dogo kabla ya kuagiza kwa ajili ya msimu mzima.

Namna ya pili ni kuleta adui wa asili kutoka chimbuko la kisumbufu na kumwachilia ili akae milele. Hii si kazi ya kikundi cha wakulima, na ni muhimu kulisema wazi, kwa sababu wapo wanaojaribu. Ni kazi ya taasisi za utafiti na mamlaka za afya ya mimea, kwa kufuata viwango vya kimataifa vya ISPM namba 3 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, vilivyorekebishwa mwaka 2005, pamoja na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayohusu ruhusa na mgawanyo wa faida pale rasilimali za kibiolojia zinapochukuliwa kutoka nchi nyingine. Inapofanikiwa, hakuna njia inayoishinda kwa unafuu. Nyigu Diadegma semiclausum, adui wa nondo wa mgongo wa almasi mwenye asili ya Ulaya, alipelekwa New Zealand katika miaka ya 1930, kutoka huko akapelekwa Indonesia mwaka 1950, baadaye Taiwan, na kutoka Taiwan kituo cha utafiti cha icipe kilimleta Kenya na kumwachilia katika nyanda za juu mwaka 2002. Kwa kantangaze, icipe ilimleta nyigu Dolichogenidea gelechiidivoris kutoka Peru. Mkulima anayenufaika na nyigu hao halipi kitu. Anachotakiwa ni kuacha kunyunyiza dawa zinazowaua.

Na hapo ndipo wakulima wa pande mbili wanapokuwa na kazi yao halisi. Diadegma hupenda ubaridi wa milimani, na katika maeneo ya joto nyigu mwingine, Cotesia vestalis, humzidi kwa kazi. Ikiwa mpaka unapita kwenye mteremko, upande mmoja ukiwa juu na mwingine bondeni, kumwomba mtafiti alete bondeni kile kilichofaulu mlimani ni kupoteza miaka. Ni afadhali wakulima wapeleke kwa watafiti viwavi na vifukofuko vilivyokusanywa pande zote mbili, ili ijulikane kwanza nani yuko wapi.

Namna hii pia ndiyo yenye hatari isiyorudishika. Kibibi-kobe wa Asia, Harmonia axyridis, aliachiliwa katika nchi kadhaa za bara la Ulaya ili ale vidukari. Uingereza haikumwachilia, lakini mwaka 2004 alionekana huko, na kuenea kwake kumeambatana na kupungua kwa vibibi-kobe wa asili ya nchi hiyo. Anayemwachilia kiumbe kwenye shamba lake karibu na mpaka ameamua kwa niaba ya jirani, apende asipende. Naamini kwa dhati kwamba jirani ana haki ya kuulizwa kabla.

Namna ya tatu ni kutunza walioko: kuacha mistari ya maua yenye chavua na nekta, kutochoma masalia yote, kuchagua dawa zisizowadhuru, kunyunyiza jioni. Haihitaji kibali, haivushi kiumbe chochote mpaka, na ndiyo njia ambayo majirani wanaweza kuanza kesho. Kasoro yake ni kwamba matokeo huja polepole na hutofautiana, na mkulima wa kukodi ardhi kwa msimu mmoja hana sababu ya kupanda maua atakayoyafaidi mwingine.

Jambo moja linalostahili mazungumzo ya mapema ni kwamba kiumbe kilekile kinaweza kuwa rafiki upande mmoja na adui upande mwingine. Kunguni mlaji Nesidiocoris tenuis ni mlinzi muhimu wa nyanya nchini Hispania, ambako hula inzi weupe na mayai ya kantangaze. Katika vitalu nyumba vya Uholanzi na Ubelgiji wakulima humpiga vita kama kisumbufu, kwa sababu chakula kinapopungua huigeukia mimea, hutoboa mashina na kusababisha pete za kahawia na kudondoka kwa maua. Wote wawili wanasema kweli. Mpango wa pamoja usiotenga sura kwa ajili ya tofauti za namna hii utavunjika mara ya kwanza mkulima mmoja atakapomlaumu mwenzake.

Usajili wa pamoja

Njia ya nne haifanyiki shambani, na wakulima wengi huiona ya kuchosha, lakini kuna hali ambayo zote nyingine hukwama bila hiyo. Kiuatilifu cha kuvu, cha virusi vya wadudu au cha Bt kinachouzwa upande mmoja kinaweza kuwa hakijasajiliwa upande wa pili, si kwa sababu kina hatari, bali kwa sababu soko la mboga upande huo ni dogo na mtengenezaji haoni faida ya kulipia usajili. Matokeo yake ni magendo: chupa bila lebo inayosomeka, bila uhakika wa tarehe wala hali ya uhifadhi, na kuvu aliyekaa juani wiki mbili ni maji machafu tu.

Mifano miwili inafaa kulinganishwa. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni namba 1107 ya mwaka 2009, huidhinisha viambato kwa umoja mzima, kisha nchi wanachama huidhinisha bidhaa zikiwa zimegawanywa katika kanda tatu, kaskazini, kati na kusini, ili idhini ya nchi moja iweze kutambuliwa na nyingine. Kwa matumizi ndani ya vitalu nyumba, umoja wote huhesabiwa kuwa kanda moja. Nchi za Sahel zilizo chini ya CILSS, kamati yao ya pamoja ya kupambana na ukame, zilikwenda mbali zaidi: kanuni yao ya pamoja, iliyorekebishwa mwaka 1999, iliunda kamati moja ya kusajili viuatilifu kwa niaba ya wanachama wote. Mfumo wa kanda huacha mamlaka kwa kila nchi na kwa hiyo huacha pia ucheleweshaji wake. Mfumo wa kamati moja hupunguza gharama kwa nchi zenye wataalamu wachache, lakini kamati ikilemewa, wote hungoja pamoja.

Kwa kikundi cha wakulima, ushauri wangu ni kutochagua njia hii kama ya kwanza, na kutoiacha kabisa. Wanachoweza kufanya ni kukusanya takwimu za majaribio shambani kwa utaratibu unaokubalika na mamlaka za pande zote, na kuomba bidhaa moja kwa wakati. Ombi la bidhaa moja, kwa zao moja na kisumbufu kimoja, lenye namba kutoka mashamba ya nchi mbili, husomwa. Tamko refu la kuomba sera mpya huwekwa kando.

Ni ipi kwa nani?

Wakulima wa vitalu nyumba wenye wanunuzi walewale pande zote mbili waanze na ununuzi wa pamoja wa viumbe rafiki pamoja na ofisa ugani mmoja wanayemlipa kwa pamoja, kwa kuwa bila macho ya mtu huyo kila wiki, fedha ya viumbe itamwagika. Wakulima wa mboga za majani na kabichi katika uwanda wazi, hasa pale upepo unapovuma kutoka kwa jirani, waanze na mitego na tahadhari. Wenye mashamba madogo yaliyochanganyika, wanaosumbuliwa na utitiri, vidukari na magonjwa ya udongo, waanze na shamba darasa na utunzaji wa walioko, na wasijitwishe mkataba wowote katika msimu wa kwanza. Makubaliano ya mdomo kati ya vikundi viwili vinavyoaminiana hudumu kuliko mradi wenye nembo nyingi ambao huisha siku fedha inapoisha. Mkataba rasmi una faida pale tu panapovuka fedha, viumbe hai au takwimu za watu.

Ipo hali moja ambayo ningeitanguliza mbele ya zote, nayo ni pale pande mbili zinapotumia kiuatilifu kilekile dhidi ya mdudu anayeruka. Nondo wa mgongo wa almasi ndiye mdudu wa kwanza aliyethibitika kuwa sugu kwa Bt mashambani, huko Hawaii, na kantangaze sugu kwa viuatilifu vya kundi la 28, yaani diamide (dawa hupangwa katika makundi yenye namba kwa jinsi zinavyomwua mdudu), aliripotiwa Italia mwaka 2015. Usugu hauzuiwi na kibali wala karantini. Ikiwa wakulima wa upande mmoja hupumzisha Bt kwa kizazi kimoja cha nondo huku wa upande wa pili wakiinyunyiza kila wiki, wa kwanza wanajinyima bure. Majirani hao waandike karatasi moja inayoonyesha, kwa kutumia namba za makundi zilizo kwenye lebo, kundi la 11 ambalo ndilo la Bt litumike miezi ipi, kundi la 5, la spinosini, miezi ipi, na miezi ipi mashamba ya jamii ya kabichi yaachwe tupu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye stoo ya dawa ya kila mwanachama kabla ya miche ya kwanza kutoka kitaluni.